Mtoto wa Safi Anajua Kusema Vita

Jumatatu, 3 Machi

Octave amenipa hii agenda, daftari la tarehe. Aliipata kwenye semina moja ya usalama wa mipaka. Juu imeandikwa AMANI kwa herufi za dhahabu, na ndani haina hata alama moja ya kalamu. Akasema, "Mama, weye unasema sana. Andika kidogo, mdomo upumzike." Mtoto huyu! Basi naandika. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari kule Lemera kabla baba hajanitoa, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anawaonyesha wengine.

Octave ni mwanangu wa kwanza. Ana licence, shahada ya chuo kikuu, ya uhusiano wa kimataifa, na kila Ijumaa saa saba mchana anachambua vita kwenye redio. Sisemi wale wanaopiga simu kusalimia shangazi. Anachambua. Muntu wa Uvira akitaka kujua kwa nini Kamanyola inalia mabomu, nani anampa nani silaha, Umoja wa Mataifa unaogopa nini, anangoja sauti iliyotoka ndani ya tumbo langu. Na mimi nauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, ufukweni; mtaa mzima wa Kilibula unajua beseni langu. Ndiyo yaliyomsomesha, hayo mabeseni.

Ijumaa, 7 Machi

Octave amesema dakika arobaini. Niliweka redio dirishani ili na wapita njia wasikie. Alisema jiostratejia mara sita, nilihesabu kwa vidole.

Safi, rafiki yangu, anauza vitenge karibu na beseni langu. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tunakaa bega kwa bega. Yuko kwenye mfungo wa Ramadhani lakini alikuja kusikiliza. Akaniuliza, "Mama Octave, hiyo jio ni kitu gani?"

"Ni jambo kubwa," nikamwambia.

"Kubwa namna gani?"

"Safi, sikiliza, utapitwa."

Vanessa, binti yangu mdogo, alikuwa anasinzia. Nilimfinya.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hakuna kukausha samaki.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tena. Octave anasema redio inataka sauti ya pili, wawili wabishane hewani, watu wanapenda hivyo. Amewapendekezea Djamali, mtoto wa Safi, aliyerudi kutoka Kigoma mwaka jana. Kule alikuwa fundi wa injini za boti! Nilimuuliza Octave: fundi wa injini atasema nini juu ya usalama wa dunia? Akacheka. "Mama, Djamali iko na macho." Sawa. Hata mbuzi iko na macho.

Ijumaa, 14 Machi

Mwezi mpevu, taa hazivuti ndagala, wavuvi wamekaa, kwa hiyo ufuko mzima ulikuwa na nafasi ya kusikiliza redio. Ndiyo bahati mbaya yangu.

Octave alianza vizuri, na takwimu. Halafu Djamali akapewa nafasi. Kijana ana Kiswahili cha Kigoma, kinateleza kama sabuni. Akasema: "Jeshi linaloshinda vita huwezi kulijua kwa bendera. Angalia viatu vya askari wakirudi. Mwenye kamba za viatu amerudi kwa amri. Asiye na kamba amekimbia." Watu wote wakapiga kelele, eh! eh! Kwa sababu mwezi wa pili, wakati askari waliposhuka kutoka Bukavu, tuliviona hivyo viatu sisi wote, kila muntu aliviona. Hakusema kitu kipya hata kimoja.

Mwenye boti mmoja akasema, "Huyu sasa anasema vita." HUYU SASA. Kama vile wangu alikuwa anasema mahindi.

Safi aliinama kwenye vitenge vyake, anakunja vilivyokwisha kukunjwa. Nilimwona meno, anatabasamu.

Jumatatu, 17 Machi

Ndagala haipo. Tumbo linaniuma. Vanessa anasema ni kwa sababu ya Djamali. Nimemtuma maji.

Jumatano, 19 Machi

Leo lazima niandike kwa kirefu maana wakubwa wa dunia wamenichosha.

Jana mazungumzo ya vita vyetu yalikuwa yafanyike Luanda. Hayakufanyika. Baadaye tunasikia marais wamekutana Doha. Hayo mazungumzo yanahama kama mpangaji asiyeelewana na mwenye nyumba, kila mwezi mlango mpya, na vyombo vinavunjika njiani. Ulaya nao wameweka vikwazo, fulani na fulani wasiingie kwao. Minye nauliza: yule mwenye bunduki kule juu ya Kamanyola alikuwa na viza mfukoni? Na askari wa nchi za kusini waliokuja Goma kutusaidia, wametangaziwa warudi makwao. Wamebaki Warundi. Watu wanasema Warundi wanatupenda. Hapana. Uvira ikichukuliwa, adui anaiona Bujumbura kwa dirisha. Siwalaumu. Hata minye, nyumba ya jirani ikiwaka, nakimbia na ndoo kwa ajili ya paa langu.

Hayo yote nilimwambia Octave asubuhi akila. Aliandika mawili. Mengine akasema, "Mama, hiyo si analyse, hiyo ni mazungumzo ya soko."

Mchana Djamali akapita kwenye beseni. "Shikamoo Mama." Adabu anayo, siwezi kukataa. Akachuchumaa, akaniuliza kama wake wa askari wananunua kwangu. Nikamwambia wananunua kwangu tangu yeye hajaota ndevu. Akauliza, "Na unawasoma namna gani, Mama?"

Hakuna muntu amewahi kuniuliza hivyo. Nikaketi vizuri.

Nikamweleza. Mke wa askari ambaye bwana wake anabaki, ananunua ndagala mbichi, bakuli moja, anapika leo, analala. Yule ambaye bwana wake ameambiwa ajitayarishe, ananunua kavu. Kavu inakaa mfukoni, haitaki mafuta, inapanda milima. Na msimu wa mvua ndio unasema zaidi, kwa sababu kavu ni kidogo, ni ghali, na inanuka ukungu. Hakuna muntu anaila kwa raha. Ukimwona mama wa kambi anagombania ndagala yenye ukungu, ujue kwake virago vimefungwa. Nikamwambia pia kwamba wiki hii wake wa askari wa kituo cha Runingu, kule kwenye tambarare, wamenimalizia kavu yote, hata vichwa.

Djamali aliinuka, akajipangusa magoti. Akasema, "Mama, weye ni mkubwa kuliko sisi wote kule redioni."

Niliimba njia nzima kurudi nyumbani.

Ijumaa, 21 Machi

DJAMALI AMESEMA YANGU. Redioni, saa saba na nusu, mbele ya mji mzima. "Ukitaka kujua jeshi linakwenda wapi, acha ramani, angalia bakuli la mke wa askari." Mbichi anakaa, kavu anaondoka. Neno kwa neno! Akamaliza kwa kusema kwamba kabla ya Ijumaa ijayo kutakuwa na kituo kwenye tambarare kitakachoachwa wazi, na watu wa Runingu wafikirie watoto wao.

Na jina langu? Hakuna. "Wanawake wa ufukweni wanajua," akasema. Wanawake! Sisi wote, kama rundo.

Baadaye alikuja nyumbani kujieleza. Eti alificha jina kunilinda. "Mama, siku hizi kusema umejua kitu ni hatari." Nikamwambia hatari yangu naijua mwenyewe, hakuna aliyeombwa kuibeba. Octave alikuwa amekaa pale anatabasamu. "Sasa Mama, si nilikwambia iko na macho?" Mwanangu mwenyewe! Minye nilipomweleza maneno hayo hayo mwaka jana, alisema ni ya soko. Yamepita kwa mdomo wa mtoto wa Safi, yamekuwa analyse.

Jumatatu, 24 Machi

Komanda Dieudonné, wa vijana wenye silaha wa kartie yetu ya Kilibula, amefanya mkutano. Ameapa yeye na watu wake hawatarudi nyuma hata hatua moja, na msaliti atajulikana. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

Jumatano, 26 Machi

Kituo cha Runingu kimeachwa. Askari waliondoka jana mchana, na jioni wezi wakaingia kwenye nyumba. Lakini familia nyingi zilikwisha kushuka tangu Jumamosi, na mbuzi zao, na vyungu vyao, kwa sababu walisikia redio. Leo walikuwa wanamtafuta Djamali wamshike mkono. Mama mmoja mwenye mapacha alipiga magoti mbele ya Safi. Mbele ya SAFI, pale pale kwenye vitenge, hatua tatu kutoka kwenye beseni langu. Hatua tatu! "Mungu akubariki kwa kuzaa." Safi analia, anamwinua. Na mimi nimeshika kikombe cha kupimia kama mjinga.

Mteja mmoja akanigeukia. "Mama Octave, wako alisema nini kuhusu Runingu?"

Wangu alisema hali ni ya kuangaliwa kwa makini.

Hapo ulimi wangu ukatoka. Nilisema, na nasikia bado nilivyosema, polepole, kama muntu anayeona huruma: "Lakini nyinyi hamjiulizi? Fundi wa injini anajuaje siku nne mbele jeshi litaondoka wapi? Anapiga simu kwa nani?"

Wanawake watatu wakasogea karibu. Nikaongeza, "Minye sisemi kitu." Nikapima ndagala.

Alhamisi, 27 Machi

Jua kidogo. Nimekausha mikeka miwili.

Ijumaa, 28 Machi

Sikufungua redio. Nilisikiliza ya jirani.

Vanessa ameniletea maneno kutoka bombani. Eti Djamali ana simu mbili. Eti moja ina namba ya ng'ambo ya mto Rusizi. Eti Kigoma hakuwa fundi, alikuwa anafundishwa ujasusi. Nilimuuliza nani anasema. "Watu." Nilijua maneno yale kama vile unavyojua mtoto wako amevaa nguo ya kuazima. Nilimwambia Vanessa asirudie upuuzi. Nilitaka kwenda bombani niyakate, lakini mvua ilikuwa kubwa. Hapana. Mvua haikuwa kubwa.

Jumapili, 30 Machi

Octave hakula. Ananiangalia. Sikumuuliza.

Jana mke wa Komanda, Furaha, alikuja ufukweni. Naandika tu.

Jumanne, 1 Aprili

Ya jana naandika leo.

Ilikuwa Idi. Saa tano Safi alinitumia pilau kama kila mwaka, sahani kubwa imefunikwa na kitambaa chekundu. Nilikuwa bado sijafungua kitambaa, Vanessa akaingia bila viatu. "Wamemchukua Djamali! Ametoka msikitini, wamemchukua na kanzu yake!"

Nilimuuliza kwa kosa gani, kama vile sijui. "Wanasema ni wa adui."

Wale vijana wa Komanda wanakaa kwenye nyumba moja ya ghala, juu ya barabara. Nilimkuta Safi amekaa chini getini, kilemba kimeanguka. Octave alikuwa amekwisha kuingia, nikamsikia kutoka nje anaeleza sheria za kimataifa za watu waliokamatwa vitani, ibara na ibara. Mtoto wangu maskini. Sauti moja ikamjibu, "Na weye ukiendelea, tutakufunga naye, mtachambuana humo humo." Wakacheka.

Niliingia. Hakuna aliyenizuia, nilikuwa na aproni ya samaki na harufu yangu.

Djamali alikuwa chini, mikono nyuma, jicho moja limefungwa kwa uvimbe. Komanda Dieudonné kwenye kiti cha plastiki. Vijana kama kumi.

"Weye nani?"

"Mama Octave."

"Sikumwita mama wa muntu."

"Nimejiita."

Akaonyesha Djamali kwa kidole. "Huyu alijua Runingu itaachwa. Siku nne mbele! Mimi ni komanda, sikujua. Yeye alijua kutoka kwa nani?"

"Alijua kutoka kwa minye."

Nasema ukweli kwa kuwa agenda hii ni yangu: niliposema hivyo kifua kilijaa. Nilikuwa nimetamani siku kumi kulisema neno hilo mbele ya watu.

Nikawaeleza yote, mbichi na kavu, bakuli na mfuko, ukungu na milima. Komanda akacheka mpaka kiti kikalia. "Ujasusi wa ndagala! Mama, unataka nimwachie msaliti kwa ajili ya ndagala? Na haya maneno ya simu za ng'ambo hatukuyaota. Yametoka kwenu ufukweni, kwa wanawake wenyewe wa samaki."

Octave aligeuza kichwa akaniangalia. Hakuniangalia kama muntu anayeuliza.

Nilipaswa kusema hapo hapo kwamba na hayo maneno ya simu ni yangu. Sikusema. Nikasema lingine, maana ndilo lililokuja. "Komanda, kama huamini ndagala, nikupe mfano wa karibu. Juzi Jumamosi bibi yako Furaha alichukua mabeseni mawili ya kavu. Ilikuwa inanuka, nilimwambia mwenyewe inanuka, akasema hakuna shida. Akaniomba niifunge kwenye plastiki isilowe ndani ya boti."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja, mwenye mkufu wa risasi shingoni, akamgeukia polepole.

"Boti gani, Komanda?"

Komanda akasema Furaha anakwenda kwa mama yake kule mjini Baraka, mama anaumwa. Mwingine akauliza, "Mabeseni mawili, kwa mgonjwa?" Mwingine akasimama kutoka ukutani. Wote walikuwepo siku ile alipoapa hatarudi nyuma.

"Mfungueni huyu," Komanda akasema. "Mtoeni. Watoeni wote." Halafu karibu na sikio langu, bila kelele: "Hao wawili wa redio, nikiwasikia tena hewani, au nikiwaona bado humu mjini ikifika Jumapili, mama, utanunua sanda badala ya plastiki."

Jumatano, 2 Aprili

Mji mzima unasema ndagala. Wamekuja kwenye beseni tangu asubuhi, hata wasionunua. "Mama, leo wamenunua nini?" Mchungaji amenishika mkono. Mwenye boti, yule yule, amesema, "Kumbe chuo kikuu kiko hapa chini." Safi alikuja, akaanguka kifuani kwangu mbele ya watu wote, akasema, "Umenirudishia mwanangu. Umenizalia mara ya pili." Watu wakalia. Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka ufuko unione.

Nilimpigapiga mgongo. Mgongo wake ni mdogo, sikuwahi kujua.

Pilau ya Idi iko pale pale mezani, na kitambaa chake. Hakuna aliyeila, imechacha.

Alhamisi, 3 Aprili

Octave anafunga vitu vyake. Nilimkunjia mashati. Alisubiri nikunje la mwisho.

"Mama, zile simu mbili zilitoka wapi?"

"Sikusema simu mbili. Nilisema simu."

Akaketi kitandani. "Mama yake Djamali atajua kwa mdomo wako au kwa wangu?"

Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake, kwa ajili ya jina lake. Akasema, "Jina langu lilikuwa linakaa vizuri na Djamali. Mimi njo nilimleta. Nilikuwa mpweke kule, Mama. Nilikuwa nasema na ukuta." Sikujua. Wiki zote hizo nilikuwa naona watu wawili wanapigana juu ya kiti kimoja, kumbe aliyekuwa anapigana alikuwa ufukweni.

Ijumaa, 4 Aprili

Saa saba redio imepiga nyimbo.

Jumamosi, 5 Aprili

Tulikwenda mpakani Kavimvira kwa miguu, saa nne asubuhi, Octave na Djamali mbele, Safi, anayehama na mwanawe, na mimi nyuma. Safi alikuwa na furushi la vitenge kichwani, na begi moja zito alilokuwa analiburuta. Barabara imejaa watu na magodoro. Octave aliniambia nyumbani, "Baki na Vanessa, nitapiga simu," na hakuniambia kingine.

Safi alikuwa anasema njia nzima. Kwamba Bujumbura ana binamu, kwamba nikija nisilale kwa mwingine, kwamba atamwambia kila muntu kule juu ya mama wa ndagala aliyesimama mbele ya bunduki. Nilimwacha aseme mpaka tukaona kizuizi.

"Safi, maneno yale ya simu, mimi njo niliyaanzisha."

Hakusikia, au alifikiri amesikia vibaya. Nikarudia. Nikamwambia siku, nikamwambia wanawake waliokuwepo, nikamwambia nilivyoongeza kwamba sisemi kitu.

Aliteremsha furushi. "Kwa nini?"

"Wakimsikiliza wako walikuwa wanasimama. Wakimsikiliza wangu Vanessa analala."

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata kitenge nilikifunga vizuri. Alinitazama, na watu wanatupita huku na huku na vyungu vyao. "Mtoto wangu walimkanyaga mikono," akasema. "Mikono ya kushika injini."  Akajaribu kuinua furushi, mikono haikufika, nikanyoosha yangu kumsaidia, akaliweka chini tena mpaka nilipoitoa mikono yangu.

Octave aliona. Alirudi kutoka kwenye mstari, akampandishia furushi kichwani, akachukua lile begi zito begani kwake, akamshika kiwiko.

"Mama, twende," akasema, "mvua inakuja."

Nikasema, "Niko nakuja," na mguu ukainuka, kumbe hakuniita mimi.

Walikuwa wamekwisha kupita kizuizi, yeye na Safi, Djamali mbele yao na mikono yake imefungwa vitambaa. Afande wa mpakani akaniuliza, "Mama, weye unavuka?" Nikamwambia hapana, nimemsindikiza mwanangu. Akauliza yupi. Nikamwonyesha: yule mrefu, mwenye licence, yule anayembebea begi yule mama.